Gari dogo la babu mgombani: namna ya kuliamsha bila kuliua

Kila Desemba, watu wakishapanda mlimani kwa ajili ya Krismasi, simu yangu haipumziki. "Mama Fundi, shikamoo. Kuna kagari ka babu huku Kibosho, kamelala mgombani miaka na miaka. Tukaweke betri tukawashe?" Marahaba, mwanangu, na usiweke betri. Usiguse hata ufunguo. Injini iliyolala muda mrefu haifi usingizini. Inakufa siku inapoamshwa kwa pupa.

Gereji yangu iko Majengo, Moshi. Kinachonilisha ni Noah, Vitz na kirikuu. Kinachonichelewesha kufunga jioni ni magari madogo ya zamani: Mini, Beetle, Renault 4, Fiat 600. Na nimekuja kuamini jambo moja kuhusu hayo magari. Gari kubwa hutengenezwa kwa sababu kuna mtu ana fedha. Gari dogo hutengenezwa kwa sababu kuna kitu kimekosekana: chuma, petroli, leseni, au hela ya mkulima. Ukijua kilichokosekana, unajua pa kufungua kwanza, maana pale mhandisi alipobana ndipo gari linapougua.

Karatasi kwanza, spana baadaye

Gari la marehemu ni mirathi, hata kama kuku wanatagia kwenye siti ya nyuma. Kadi ikiwa bado ina jina la babu, TRA hawatabadilisha umiliki mpaka ukoo ukae, umpendekeze msimamizi wa mirathi, na mahakama imthibitishe. Kwa wengi wetu hiyo ni Mahakama ya Mwanzo. Nimeona gari likifufuliwa vizuri kabisa, likang'aa, halafu baba mdogo akatokea Dar es Salaam siku ya kuliwasha akasema hilo ni lake. Hapo fundi analipwa na nani? Siku hizi sigusi nati kabla sijaona muhtasari wa kikao cha ukoo, au kadi yenye jina la huyo aliyenipigia simu.

Litambue

Fungua mbele. Hakuna injini? Zunguka nyuma. Angalia kama kuna rejeta. Isipokuwepo, injini hiyo hupozwa kwa hewa, na feni na mikanda yake ndiyo uhai wake. Hesabu plagi, zitakwambia idadi ya silinda. Tafuta kibati cha chuma chenye namba kwenye ukuta wa chumba cha injini. Soma balbu za taa kubwa: zimeandikwa volti 6 au 12? Beetle nyingi za kabla ya 1967 zina volti 6, na Citroën 2CV zilikaa na volti 6 mpaka karibu 1970. Mini za kabla ya 1969 zina balaa lingine: upande chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi, kinyume na tulivyozoea. Kijana anayekuja na betri ya Vitz na waya wake wa kubusti anaweza kuunguza mfumo mzima kwa dakika moja.

Ukishajua ni gari gani, jiulize lilizaliwa na uhaba upi.

Waliokosa chuma na viwanda

Ujerumani ilipopigwa katika vita iliyoisha 1945, ilizuiwa kutengeneza ndege. Messerschmitt, waliokuwa wakiunda ndege za kivita, wakabaki na mafundi hodari na karakana zisizo na kazi. Akaja Fritz Fend, mhandisi aliyekuwa akibuni vigari kwa ajili ya waliopata ulemavu vitani, na mwaka 1953 wakatoa KR175, kisha 1955 KR200. Magurudumu matatu, abiria anakaa nyuma ya dereva na si ubavuni, paa la plastiki angavu linafunguka kwa upande. Injini ni ya cc 191, ya mipigo miwili (two-stroke). Kurudi nyuma unazima injini na kuiwasha tena izunguke kinyume, hivyo gia zote nne zinakuwa za kurudi nyuma. Mimi napenda sana akili ya aina hiyo: badala ya kuongeza gia, geuza injini.

Isetta ilianzia Italia mwaka 1953, kwa kampuni ya Iso iliyokuwa ikitengeneza majokofu na pikipiki. Mlango ni mmoja tu, uko mbele, na usukani unafunguka pamoja nao. BMW wakanunua haki ya kuitengeneza, wakatia injini yao ya pikipiki ya silinda moja, na kati ya 1955 na 1962 wakauza zaidi ya 161,000. Watu wanaoiheshimu BMW barabarani leo wajue kwamba kuna wakati kampuni hiyo ililishwa na kigari cha nguvu farasi 13.

Ujerumani Mashariki nako karatasi za chuma za kutengenezea bodi hazikupatikana. Trabant ya 1957 ikavalishwa Duroplast, yaani mabaki ya pamba yaliyogandishwa kwa gundi ya viwandani na kushindiliwa kwa joto. Tenki la petroli liko juu ya injini, mafuta yanashuka yenyewe bila pampu, na kwa miaka mingi kipimo cha mafuta kilikuwa kijiti cha kuchovya.

Mlimani sijaletewa Messerschmitt wala Trabant, lakini somo lao linafaa kwa gari lolote lenye bodi ya plastiki au faiba, ziwemo Reliant na Bond za Uingereza. Bodi haishiki kutu, kwa hiyo inadanganya. Lala chini na bisibisi uchokonoe fremu ya chuma iliyofichwa ndani: sehemu za kushikia springi, sakafu, miguu ya siti. Bisibisi ikizama, kwanza ni kazi ya kuchomelea, injini itasubiri. Na kama umebahatika kupata KR200 ughaibuni na unaota kuileta huku, tairi zake ni saizi 4.00-8, saizi ileile ya bajaji. Hilo angalau utalipata hapa hapa mjini.

Waliokosa petroli

Julai 1956 Misri chini ya Nasser iliutaifisha Mfereji wa Suez. Vita vikafuata, mfereji ukafungwa, na Desemba Uingereza ikaanza mgawo wa petroli. Waingereza wakakimbilia vigari vya Kijerumani kama Isetta. Leonard Lord, bosi wa kampuni ya BMC, hakuvumilia kuviona. Akamwagiza Alec Issigonis aunde gari dogo ambalo ni gari kamili, na Agosti 1959 Mini ikatoka: mita 3.05 kwa urefu, injini ya cc 848 iliyolazwa kwa upande, magurudumu ya inchi 10, na watu wazima wanne ndani. (Wazee wa hapa walionja uhaba wa aina hiyo kwa namna yao, enzi za marufuku ya kuendesha magari binafsi Jumapili alasiri.)

Sasa angalia alipobana. Ili kuokoa nafasi, Issigonis aliiweka gia boksi chini ya injini, ndani ya sampu (bakuli la oili), vyote vikitumia oili moja. Basi oili ya Mini inasagwa na meno ya gia na kuchomwa na injini kwa wakati mmoja. Fungua nati ya kumwagia, pokea oili kwenye beseni safi, ipitishe kwenye kitambaa cheupe. Unga laini wa chuma si ajabu. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni gia au beringi, na hapo injini inashuka yote. Distribyuta imekaa mbele kabisa nyuma ya grili, inapokea mvua ya masika bila kinga. Kata kipande cha mpira uikinge. Springi si za chuma, ni vikombe vya mpira vilivyobuniwa na Alex Moulton. Vikizeeka gari linakaa chini, nawe utasumbuka bure kutafuta shokapu.

Halafu kuna jambo ambalo vijana hawalijui. Petroli yenye risasi (madini ya lead) iliondolewa katika nchi zetu kufikia mwanzoni mwa 2006. Gari lililolazwa kabla ya hapo halijawahi kuonja petroli tunayouziwa leo. Silinda hedi ya Mini ni ya chuma cha kalibu, na risasi ndiyo iliyokuwa ikizikinga siti za valvu, yaani pale valvu zinapokalia zikijifunga. Nitalirudia hili chini.

Fiat ni habari ya Dante Giacosa, na kwangu huyu ndiye mkubwa wao wote. Alitoa 500 ya kwanza mwaka 1936, akatoa 600 mwaka 1955, na 1957 akatoa Nuova 500 ya cc 479, silinda mbili, inayopozwa kwa hewa, yenye paa la turubai. Ile 600 ina injini ya maji nyuma, na rejeta iko kando ya injini hukohuko nyuma, mahali ambapo upepo wa mwendo haufiki vizuri. Feni na mkanda visipokuwa vizima, kilima cha kwanza kitaichemsha. Zibua rejeta kabla ya kitu kingine chochote.

Waliobanwa na sheria

Uingereza, gari la magurudumu matatu lenye uzito mdogo lilihesabiwa karibu na pikipiki: kodi ndogo, na leseni ya pikipiki ilitosha. Ndiyo sababu ya Bond na Reliant. Mwisho wa njia hiyo ni Peel P50 ya Kisiwa cha Man, 1962 hadi 1965: sentimita 137 kwa urefu, cc 49, kilo 59, bila gia ya kurudi nyuma. Ina mkono nyuma. Unashuka, unainyanyua, unaigeuza. Gari la magurudumu matatu, matengenezo yake ni mafupi kueleza: kagua beringi na bushi za lile gurudumu lililo peke yake, maana linabeba kazi ya mawili, kisha usipige kona kwa hasira.

Japani sheria ilizaa kitu kikubwa zaidi. Mwaka 1949 serikali iliweka daraja la magari madogo lenye nafuu ya kodi, na kufikia 1955 kikomo kilikuwa cc 360. Ikatoka Suzulight mwaka 1955, Subaru 360 mwaka 1958, Mazda R360 mwaka 1960. Kikomo kikapanda hadi cc 550 mwaka 1976, na cc 660 mwaka 1990. Suzuki Carry ilianza 1961 ndani ya sheria hiyo, na ndiyo kirikuu inayokuletea ndizi sokoni leo. Watu hunicheka nikisema kirikuu ni ndugu wa Isetta. Wacheke, zote zimepimwa kwa rula ya mtoza kodi.

Hapo pia utaona pa kuangalia. Sheria ya Japani inairuhusu kirikuu kubeba kilo 350. Mkungu wa ndizi wa kilo 30 mara kumi na mbili umeshapita, na mimi naona zikishuka Kiboriloni na mikungu isiyohesabika na watu wawili juu yake. Kabla hujanunua, nyanyua siti: injini iko chini yake, imefunikwa, na joto lake halina pa kwenda. Tafuta alama za maji yaliyochemka, kisha pima springi za nyuma kama bado zina upinde. Iliyonyooka imebeba dhambi za watu.

Waliomfikiria mkulima

Pierre-Jules Boulanger wa Citroën aliagiza, kabla ya vita, gari la kubeba wakulima wawili na kilo 50 za viazi, lipite kwenye shamba lililolimwa bila kuvunja mayai. Likaonyeshwa Paris mwaka 1948: 2CV, cc 375, nguvu farasi 9. Likaendelea kutengenezwa mpaka 1990. Halina distribyuta, plagi zote mbili hupiga cheche kwa pamoja, na pointi (swichi ya kukata umeme wa cheche) zimejificha nyuma ya feni. Fundi asiyejua atatafuta distribyuta mpaka jioni. Mkono wa kuwashia injini ndio unaofungulia nati za gurudumu, kwa hiyo ukilinunua bila mkono huo, punguza bei.

Renault walijibu mwaka 1961 kwa Renault 4, nayo ikauzwa zaidi ya milioni nane. Chukua futi upime umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, kulia kisha kushoto. Upande mmoja umezidi kwa karibu sentimita 5. Kuna fundi alitaka kumnyooshea mteja chesisi kwa sababu hiyo, na bei alishaitaja. Chesisi ni nzima! Springi zake za nyuma ni fito za chuma zinazojinyonga, zimelazwa moja mbele ya nyingine, na magurudumu yakafuata. Liliondoka kiwandani hivyo.

Beetle sitaisema sana, kila mtu ana mjomba aliyekuwa nayo. Ilishinda Safari Rally mwaka 1962 mikononi mwa Tommy Fjastad, na kutengenezwa kwake kuliisha Mexico mwaka 2003. Haina filta ya oili, ina chujio la waya tu, kwa hiyo oili ibadilishwe mapema. Mkanda wake ukikatika, zima injini palepale: ndio unaozungusha feni.

Kuliamsha

Toa plagi. Mimina kijiko kimoja cha oili laini kwenye kila silinda, iache siku mbili tatu. Jaza oili mpya kwenye injini. Weka gia ya juu kabisa, sukuma gari taratibu kwa mkono, au zungusha injini kwa spana kwenye puli. Ikigoma, ongeza oili na subira, kamwe usiivute kwa gari lingine. Pete za pistoni zilizoshikana na kutu hukatika zikilazimishwa.

Injini ikizunguka, mwaga petroli yote ya zamani. Harufu yake ni ya rangi ya mafuta, na imeacha gundi kwenye tenki na kabureta. Fungua kabureta, loweka, puliza kila tundu kwa upepo wa kompresa. Usichokonoe jeti kwa waya. Pointi zisugue kwa msasa laini, weka nafasi, badilisha kondensa.

Breki usizikarabati kwa kubahatisha. Mipira ya masta silinda na ya magurudumuni yote itolewe, ibadilishwe, na mabomba yasafishwe kwa oili ya breki yenyewe. Ukitumia petroli au oili ya injini kuyasafisha, mipira mipya itavimba.

Halafu tairi. Hata kama kashata (meno ya tairi) bado ni nzima, tairi lililokaa mgombani miaka ni mpira mkavu. Tupa.

Mlima na pumzi

Moshi mjini tuko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, Arusha karibu 1,400, Marangu hivyohivyo na zaidi. Kwa kila mita 1,000 injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu. Kwa V8 hutaliona hilo. Kwa nguvu farasi 13 utaliona kabla ya kufika Himo. Hewa ikipungua na petroli ikibaki ileile, mchanganyiko unazidi utajiri: plagi zinatoka nyeusi zenye masizi, na injini inakohoa. Kama gari litaishi Arusha au mlimani, punguza kidogo jeti (tundu la petroli ndani ya kabureta). Soma plagi baada ya kupanda, si baada ya gari kusimama huku injini ikiunguruma. Rangi ya hudhurungi ni sawa. Nyeupe maana yake umepunguza mno, na injini ya hewa au ya mipigo miwili itatoboka pistoni.

Kushuka ndiko kunakoua injini za mipigo miwili. Oili yake imo ndani ya petroli: kwa mchanganyiko wa 1:25, petroli lita 5 inapewa oili mililita 200. Ukishuka Marangu kwa gia huku umeachia mafuta, injini inazunguka kwa kasi bila petroli, maana yake bila oili. Ndiyo sababu Trabant ina klachi inayoiachia injini ikiwa gia ya nne. Gari lisilo na kifaa hicho, kanyaga mafuta kidogo kila baada ya muda mfupi ukiwa unashuka. Na msizidharau injini hizi: DKW ya Ujerumani, ya mipigo miwili, ndiyo iliyoshinda Safari Rally ya 1956.

Za mipigo minne ni rahisi: shuka kwa gia uliyopandia, uzihurumie breki za drami.

Safari ya kwanza

Usianze na mlima. Nenda barabara ya TPC, tambarare, mapema asubuhi, rudi. Ikienda vizuri, elekea Bomang'ombe kwa mwendo wa 50, simama, gusa drami zote nne kwa mgongo wa kiganja. Moja ikiwa ya moto kuliko zingine, kuna breki iliyoshika. Chungulia chini. Tone la oili kwenye Mini ni salamu tu. Tone la oili ya breki linakurudisha gereji kwa gari la kuvuta.

Baada ya kilomita 500 mwaga oili, hata kama bado inaonekana safi. Injini ikiwa baridi kabisa, pima nafasi za valvu: Mini milimita 0.30, Beetle za miaka ya baadaye 0.15. Ziandike ukutani au kwenye daftari. Pima tena baada ya kilomita nyingine 500. Mini ikionyesha nafasi imepungua, na ikapungua tena ukishairekebisha, siti za valvu zinazama kwa sababu ya ile petroli isiyo na risasi. Acha kuiendesha, fungua silinda hedi, ipeleke kwa fundi wa mashine akachonge na kupachika siti ngumu upande wa ekzosi. Gasketi agiza mapema, maana hiyo ndiyo itakayokuchelewesha.